Beji ya Mwisho ya Uraia

Jumatatu, 5 Februari 1996

Mkutano saa kumi jioni, kama kila Jumatatu. Nilifagia darasa, nikafuta ubao, nikapanga viti kumi na viwili. Tulikuja wanne. Mwaka juzi tulikuwa tukigombania viti.

Madam Syprose, anayetufundisha Jiografia na ndiye kiongozi wa kundi letu la skauti wa kike, alisoma barua kutoka makao makuu Nairobi. Beji ya Uraia inaondolewa. Mahali pake inakuja ya Mazingira, ya kijani, yenye mti. Aliyekwisha kuanza ya Uraia anaweza kuimaliza kabla shule hazijafungwa mwezi wa nne. Baada ya hapo haitolewi tena.

Akauliza nani anaendelea nayo. Niliinua mkono. Nikageuka. Mkono ulikuwa mmoja.

Dorine, ambaye tumeketi dawati moja tangu kidato cha kwanza, alinikanyaga mguu chini ya meza. Anataka ya mti. Ni kupanda miche na kuimwagilia maji, wiki tatu umemaliza.

Sina sababu kubwa. Nina sahihi nne kati ya saba. Sipendi kitu kiachwe katikati.

Jumanne, 6 Februari

Zilizobaki ni kazi tatu. Kumsaidia mtu mzima mmoja apate hati anayostahili. Kuhudumu katika ofisi ya umma Jumamosi sita. Na ukurasa mmoja wa historia ya uraia wa familia yangu, chifu ausome na autie sahihi.

Nikampelekea Dorine zile nne nilizomaliza, nikidhani labda atabadili nia. Hakutazama. Alikuwa anachora mti.

Jumamosi, 10 Februari

Ofisi ya chifu. Watu wamejaa hadi barabarani kwa sababu ya vitambulisho vipya. Vya zamani lazima vibadilishwe. Karani, Bwana Okelo, alinipa kigoda na meza yenye mguu mfupi, akaniweka chini ya paa upande wa nje. Kazi yangu ni kuwajazia fomu wasiojua kuandika.

Nilipenda. Naandika haraka na mwandiko wangu unasomeka. Watu walinishukuru. Mmoja aliniita karani.

Mwanamke mmoja Mkuria, mzee, jina lake Mama Gati, hakuwa na kitu chochote mkononi. Wala kitambulisho cha zamani, kile wazee huita kipande. Okelo alimuuliza alizaliwa mwaka gani. Akasema mwaka wa nzige.

"Nzige hawana kipande, mama," akasema Okelo. Foleni nzima ikacheka. Nami nilicheka. Baadaye nikaona haya.

Nikirudi nilipitia varanda ya duka la vitambaa, Mama anaposhonea, nikamsimulia. Alikuwa anamalizia sare ya mtu kwenye cherehani. Mguu ukasimama juu ya pedali.

"Wanauliza maswali mengi?"

Nikasema mengi. Nikamuuliza yeye ataenda lini kubadilisha chake. Akasema akipata nafasi. Mguu ukaendelea.

Jumamosi, 17 Februari

Mama Gati alirudi na alirudishwa tena. Hana shahidi, na chifu wa kwao wa zamani alishakufa. Alikaa karibu na meza yangu hadi ofisi ikafungwa saa saba, labda kwa sababu pale palikuwa na kivuli. Hatukuongea sana. Yeye Kiswahili chake ni cha sokoni, mimi Kikuria sijui. Alinipa ndizi.

Dorine na wale wengine wawili walipita na miche kwenye karai. Walinipungia mkono, wakacheka kitu ambacho sikukisikia.

Jumatano, 21 Februari

Dorine amehamia dawati la nyuma. Amesema haoni ubao vizuri. Ukiwa nyuma unauona vizuri zaidi?

Jumamosi, 24 Februari

Mama Gati amepata.

Alikuja na katekista wa kanisa lao, mzee mwenye koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Katekista alibeba daftari la ubatizo limefungwa kwa karatasi ya nailoni. Jina la Mama Gati limo, na la baba yake. Tena yeye na yule mzee walibatizwa siku moja. Okelo alisoma, akauliza maswali kidogo. Akamwita Mama Gati achukuliwe alama za vidole.

Alipotoka alinishika mkono na wino wake wote. Mkono wa blauzi yangu sasa una vidole vinne vyeusi.

Nilimuuliza Okelo kwa nini amekubali leo. Alisema karatasi ikikosekana, mtu aliyeona anatosha, mradi awe aliona kweli.

Sahihi ya tano. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na furaha, na sikukutana na mtu wa kumwambia. Mama alikuwa na wateja.

Alhamisi, 29 Februari

Leo nimeanza ukurasa wa familia. Upande wa Baba ni rahisi. Owuor, mzaliwa wa karibu na Magunga, fundi wa barabara, alizikwa kwao miaka miwili iliyopita. Babu yangu anajulikana, babu wa babu anajulikana.

Upande wa Mama nina neno moja. Karungu.

Nimemuuliza kijiji gani. Shule gani. Chifu alikuwa nani. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na uzi ulikataa mara tatu.

"Andika Karungu basi. Inatosha."

Haitoshi. Mstari umebaki mweupe. Nimewaza: nina miaka kumi na saba na sijawahi kumwona mtu hata mmoja wa kwao Mama. Hata kwenye mazishi ya Baba hawakuja. Na baada ya mazishi, Baba Mdogo Ochola alipotaka kumrithi Mama naye akakataa, Mama hakuwa na pa kwenda. Watu wengine hurudi kwao. Sisi tulikuja Migori tukapanga chumba kimoja.

Mbona sikuwahi kuuliza?

Jumapili, 3 Machi

Nimejua.

Baada ya ibada mwanamke mgeni alimkumbatia Mama kwa nguvu, akapiga kelele ya furaha: "Nyar Shirati!" Binti wa Shirati. Mama alijitoa mikononi mwake kama mtu aliyeguswa na moto. Alisema amemfananisha. Mwanamke alibaki amesimama na mikono wazi. Nilimwonea huruma.

Njiani Mama aliniambia bila kunitazama. Amezaliwa Shirati, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Alikuja upande huu akiwa na miaka kumi na tisa, akaolewa na Baba. Baba ndiye aliyempeleka kuchukua kitambulisho na ndiye aliyesema waandike Karungu, ya upande huu. Ilikuwa njia fupi. Kisha miaka ikapita juu yake.

Ndiyo maana hajaenda kubadilisha. Anaogopa maswali.

"Rispa, hili si la ofisini."

Nikasema nimesikia.

Jumatano, 6 Machi

Nimeandika kurasa mbili. Moja ya Karungu. Moja ya kweli. Ya Karungu ni fupi na inaonekana imeandikwa na mtu mvivu.

Nafikiria Mama Gati. Alikuwa hana kitu, akasema ukweli wake, na mwisho akapewa. Mama ana mengi kuliko Mama Gati. Ameishi hapa miaka kumi na minane. Ana mimi. Akiendelea kujificha, kitambulisho chake cha zamani kitakuwa karatasi tupu, na hataweza kufanya lolote. Okelo ni mtu mwema. Wakijua, watatengeneza.

Ningemuuliza Dorine zamani. Sasa sina wa kumuuliza. Madam Syprose ameshughulika na mitihani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimewapa ya kweli.

Okelo alisoma mara mbili. Aliingia ndani kwa chifu. Nilisikia kiti kikivutwa. Chifu alitoka mwenyewe, karatasi yangu mkononi, miwani juu ya paji la uso.

"Huyu ndiye yule mama mshonaji, pale varanda ya duka la vitambaa?"

Nikasema ndiye.

Hakutia sahihi. Alirudi ndani na ukurasa wangu. Nilimwomba Okelo anirudishie nikaurekebishe. Akasema sasa si wangu tena.

Niliendelea kujaza fomu za watu hadi saa saba. Niliharibu mbili.

Sijamwambia Mama. Amenipa ugali na omena, akaniuliza kama nimechoka.

Jumatatu, 11 Machi

Naibu wa chifu alienda varandani saa nne, mbele ya wateja na mbele ya wenye duka. Alichukua kitambulisho cha Mama. Alimwachia barua: afike ofisini tarehe 25 na ushahidi wa uraia wake, la sivyo faili inapelekwa kwa watu wa uhamiaji na kwa polisi. Mwenye duka akamwambia aondoe cherehani mpaka mambo yaishe. Hataki shida.

Haya yote nimeyasikia kwa jirani. Nilipofika kutoka shule cherehani ilikuwa ndani ya chumba, kati ya kitanda changu na chake. Mama alikuwa ameketi. Ile barua ilikuwa mapajani.

Alinitazama mara moja tu. Hakuuliza. Alijua mwandiko hauwezi kwenda wenyewe ofisini.

Ningetaka anipige.

Jumatano, 13 Machi

Anapika. Ananipakulia. Anaongea na jirani juu ya bei ya makaa, sauti yake ya kawaida kabisa. Kwangu hakuna hata neno. Nikisema "Mama," anatoka kwenda kuanua nguo.

Wanaweza kumpeleka Sirari, mpakani, wamwache ng'ambo. Mimi nitabaki. Mimi ni wa hapa, ukurasa wangu unasema hivyo.

Ijumaa, 15 Machi

Habari imefika shule. Mtu ameandika "Karibu Kenya" kwenye dawati langu kwa chaki. Nilifuta kwa mkono wa sweta. Saa ya chakula nilikula nyuma ya jiko la shule ambapo hakuna mtu.

Dorine alinikuta huko. Alisimama kidogo. Nilidhani atakaa. Akasema wenzake wanamngoja.

Namchukia. Hapana. Ningefurahi sana kama angekaa.

Jumamosi, 16 Machi

Jumamosi ya sita. Nilienda. Sijui kama ni kiburi au ni kukosa pa kwenda. Niliandika fomu kumi na tisa. Okelo alipita karibu yangu mara nyingi bila kunitazama, kama Mama.

Saa ya kufunga alisimama mbele ya meza yangu. Alitia sahihi ya huduma. Kisha akaongea akiwa ameangalia barabarani.

"Ulinipa karatasi mbele ya watu. Ningeifanyaje? Ungeniuliza kwanza nyuma ya nyumba."

Akaniambia hivi. Mwanamke aliyeolewa na Mkenya anaruhusiwa kuomba kuandikishwa kuwa raia. Baba angefanya hivyo tangu mwanzo, yangeisha. Lakini lazima ijulikane kwamba ndoa ilikuwepo. Cheti hakuna, walioana kwa mila. Basi aje mtu aliyeona.

Walioona wote wako Magunga. Ndio hao tuliowakimbia.

Jumatatu, 18 Machi

Nilimwambia Madam Syprose yote, baada ya mkutano. Leo walikuja wawili. Alinisikiliza, akavua viatu chini ya meza kama anavyofanya akichoka.

Akasema kama nataka kuacha beji hakuna atakayenilaumu. Nikasema sitaki kusikia habari ya beji. Nikalia. Alinipa kitambaa chake na ruhusa ya kutokuwa shuleni Ijumaa.

Nyumbani nilimwambia Mama, yeye amenipa mgongo, kwamba naenda Magunga kumtafuta shahidi.

"Hawatakubali."

Neno la kwanza kwa siku saba. Baadaye kidogo, bado amenipa mgongo:

"Beba sweta. Kuna baridi kule asubuhi."

Ijumaa, 22 Machi, Magunga

Nimekuja kupitia Homa Bay. Sehemu ya mwisho nilitembea. Kando ya njia wametundika mitego ya mbung'o, vitambaa vya buluu na vyeusi, inapepea kila mahali hadi mbugani. Niliihesabu mpaka nikachoka, ili nisifikirie nitakachosema.

Dani, mama yake Baba, alikuwa uani anapukuchua mahindi. Amepungua. Aliniangalia muda mrefu, akasema, "Mguu wa Owuor huu," akaendelea kupukuchua. Hakuniambia niketi. Niliketi.

Baba Mdogo Ochola alifika kutoka shambani. Nilieleza. Nilieleza vibaya, nikaanza katikati, nikarudi mwanzo. Alinisikiliza huku akikwangua udongo kwenye jembe.

"Alisema hapa si kwake. Sasa anataka tuseme ni kwake?" Akacheka kidogo. "Arudi kwanza, aingie katika boma hili. Ndipo nitasema yeye ni mke wa nani."

Nikamwambia hatarudi. Akasema basi safari yangu ilikuwa ya bure, lakini nile kabla sijaondoka.

Dani aliendelea kupukuchua. Punje za mahindi zilianguka kwenye ungo moja moja.

Nimelipata kaburi la Baba. Majani yamekatwa. Sijui nani huyakata. Nilikaa pale hadi jua likapungua. Niliona haya kumwambia kilichotokea, nikamwambia tu kwamba nimefika.

Jumamosi, 23 Machi, Magunga

Nilikuwa nimefunga mfuko wangu. Nilitaka tu niombe karatasi, hata ya mistari miwili, yenye alama ya kidole cha Dani. Nilikuwa nimeiandika tayari kwa mwandiko mzuri. Nilimsomea.

Aliisikiliza yote. Akaniuliza, "Hiyo karatasi ikiulizwa swali, itajibu?"

Nikasema haiwezi.

"Basi ya nini."

Akaingia ndani. Nilijua imekwisha. Nikaanza kukunja karatasi. Alitoka amevaa rinda lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, fimbo mkononi. Ochola akamuuliza anaenda wapi. Akasema anaenda kusema alichokiona. Ochola akapaza sauti, akasema mambo ya mila, ya heshima, ya marehemu. Dani alimngoja amalize.

"Wewe uliona nini, Ochola? Ulikuwa unachunga mbuzi."

Tukaondoka. Anatembea polepole. Kila tulipopumzika alinishikilia bega na sikuthubutu kusogea. Tumepata pa kukaa Homa Bay kwa binti wa dada yake. Kesho Migori.

Jumapili, 24 Machi

Tulifika saa tisa. Mama alikuwa nje anaosha sufuria. Alipomwona Dani alisimama na maji yakimchuruzika mikononi. Tangu siku tulipoondoka hawajawahi kuonana.

Sikujua nitazame wapi.

Mama alileta kiti. Akaleta maji kwenye beseni, akapiga magoti, akamwosha Dani vumbi la miguu, kidole kimoja baada ya kingine. Alipomaliza Dani akasema, "Sikuja kukurudisha. Usipike kwa hofu."

Mama akaenda kupika. Nilimsikia akipiga kamasi jikoni.

Jumatatu, 25 Machi

Naandika haraka kabla sijasahau maneno yenyewe.

Ofisi ilikuwa imejaa. Chifu alitaka kumsikiliza Dani ndani, lakini Dani alisema anaumwa miguu, ataongea papo hapo, nao watu wakasogea. Aliongea Kidholuo, Okelo akaandika kwa Kiswahili. Haya ndiyo aliyoyasema:

"Ng'ombe walitoka bomani mwangu kwenda Shirati na niliwaona wakitoka, kwa sababu mmoja alikuwa wa maziwa na sikutaka aende. Msichana huyu akaletwa. Amepika jikoni mwangu mpaka nilipompa jiko lake mwenyewe. Amezaa, nami nikamkanda. Mwanangu alipougua ni huyu aliyemgeuza kitandani. Amemzika. Kama huyu si mke wa Owuor, basi mimi si mama yake."

Chifu alivua miwani. Aliuliza kwa nini basi aliondoka nyumbani.

"Hilo umeulizwa na nani?" akasema Dani.

Watu waliguna. Mama alikuwa ameshika pindo la leso kwa mikono miwili, macho chini.

Dani akaweka kidole. Chifu akaandika barua: ombi la kuandikishwa linapelekwa Nairobi, na mpaka jibu lije Mama asisumbuliwe. Inaweza kuchukua mwaka, hata zaidi. Inaweza kukataliwa, alituambia wazi. Lakini faili haiendi polisi.

Tulipokuwa tunatoka aliniita. Ukurasa wangu ulikuwa kwenye droo yake. Akauliza kama kila kitu kilichomo ni kweli. Nikasema ni kweli. Akautia sahihi.

Nilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nilitaka kuuchana.

Jumanne, 26 Machi

Tumemsindikiza Dani. Alimwambia Mama, "Majani ya Owuor nakata mimi. Mwaka ujao mgongo hautaweza." Ndivyo alivyoaga.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia Mama nisamehe. Nililisema nimesimama katikati ya njia, baiskeli zinatupita. Naye akasimama.

"Ulinipeleka huko bila mimi," akasema. "Ungeniuliza, pengine ningekwenda. Pengine nisingekwenda. Lakini ilikuwa miguu yangu."

Akaendelea kutembea. Hakusema amenisamehe. Nilimfuata nyuma.

Jumamosi, 30 Machi

Mwenye duka ameisoma barua ya chifu, amekubali cherehani irudi. Nilisaidia kuibeba. Wateja wawili walikuja. Wengine wamepata fundi mwingine.

Mama anaongea nami sasa. Lete maji. Zima jiko. Umeona mkasi? Nayahesabu kama zawadi.

Jumatano, 3 Aprili

Kesho tunafunga shule. Madam Syprose aliniita darasani saa kumi. Tulikuwa wawili tu, kundi limekwisha kwa muhula huu, wenzangu wamesema hawarudi. Dorine alipewa yake ya mti wiki jana kwenye paredi, shule nzima ikapiga makofi. Yangu haiko tena kwenye orodha ya paredi.

Lazima aniulize swali la mwisho, ni sheria. Raia ni nani? Nilijibu la kitabuni, neno kwa neno, haki na wajibu. Nilingoja lije jingine la kwangu mwenyewe. Halikuja.

Madam akafungua bahasha. Ilikuwa imebaki moja tu, ya zamani, nyuzi za pembeni zimefifia. Alinipa mkono wa kushoto kama tunavyosalimiana katika chama, akasema hongera Rispa. Sauti zetu zilirudi kutoka ukutani, viti vyote vikiwa juu ya meza.

Nilifikiri nitalia au nitafurahi. Niliuliza kama nifagie. Akasema leo niende nyumbani.

Langoni mwa shule nilikutana na Dorine. Aliuliza kama nimeipata. Nikamwonyesha kiganjani. Akasema ni nzuri. Tukasimama hivyo, kisha kila mtu akashika njia yake.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Mvua tangu asubuhi, hatukuenda kanisani. Chumba kinanuka udongo na mafuta ya taa.

Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nami upande wa pili wa ungo. Tulienda hivyo muda mrefu. Kisha akaanza kuongea, bila mimi kuuliza. Akasema kwao kuna mawe makubwa ufukweni, meupe kwa kinyesi cha ndege, na walipokuwa watoto waliyapanda ili waone mitumbwi kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa na dada wawili. Mmoja aliimba. Mama yake alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na aliogopa radi hata akiwa mtu mzima. Ikipiga alijifunika kwa ungo.

Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Februari.

Nilimuuliza mama yake aliitwa nani.

Alitupa maharagwe mabovu mawili nje ya mlango, mvuani.

"Abuya," akasema. "Abuya nyar Ogola."

Nikamuuliza kama naweza kuliandika. Si kwa mtu. Hapa tu, kwenye daftari langu.

Alinitazama, akapepeta ungo mara moja.

"Andika."